Mbio za hisani na lori la shaba: hesabu kutoka Shituru

Marathoni ni kilomita 42.195. Kutoka Likasi hadi Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni takriban kilomita 120, yaani karibu marathoni tatu zikiunganishwa. Shituru ni mojawapo ya komuni nne za Likasi, pamoja na Kikula, Panda na komuni ya Likasi yenyewe, na jina lake halitenganishwi na kiwanda cha shaba kilichoanza kazi mwaka 1929. Swali la uchambuzi huu ni jepesi kuuliza: mtu akikimbia ili kuwachangia watoto wa eneo hili, ni kiasi gani cha pesa kinamfikia mtoto? Na kiasi hicho ni kikubwa au kidogo kikiwekwa kando ya pesa nyingine zinazopita barabara ileile?

Istilahi mbili zitatumika. Mapato ghafi ni jumla ya kila kilichokusanywa, kabla ya kutoa hata senti moja. Mapato halisi ni kinachobaki baada ya gharama zote kulipwa. Taarifa nyingi za mbio za hisani hutangaza mapato ghafi, na hundi kubwa ya karatasi ngumu inayoshikwa mbele ya kamera mara nyingi huandikwa tarakimu hiyo. Mtoto anaishi kwa mapato halisi.

Tuanze na mbio kubwa kuliko zote kwa uchangishaji, ili tuwe na kipimo. London Marathon ya 2025 ilikusanya pauni milioni 87.3, na watu 56,640 walifika mwisho. Ukigawanya, ni pauni 1,541 kwa kila aliyemaliza. Mwaka 2024 mbio hizo zilikusanya pauni milioni 73.5, kwa hiyo ongezeko la mwaka mmoja lilikuwa pauni milioni 13.8, karibu asilimia 19. Kwa kiwango cha dola 1.30 kwa pauni, wastani wa mkimbiaji mmoja wa 2025 ni kama dola 2,000. Tutaitumia tarakimu hiyo hadi mwisho.

Wastani huo unahitaji tahadhari. Ndani ya wale 56,640 wamo waliopata nafasi kwa bahati nasibu na hawakuchangisha chochote, na wamo waliopewa nafasi na shirika la hisani kwa ahadi ya kuleta takriban pauni 2,000. Wapo pia wachache wanaovuta wastani juu peke yao. Mwaka 2011 mchungaji Steve Chalke, mwanzilishi wa shirika la Oasis, alichangisha zaidi ya pauni milioni 2.3 kwa kukimbia London mara moja. Kwa wastani wa 2025, hiyo ni kazi ya wakimbiaji 1,500. Anayepanga bajeti ya watoto kwa kuzidisha idadi ya wakimbiaji wake kwa 1,541 anapanga kwa pesa ambazo huenda zilitoka mfukoni mwa marafiki wa mtu mwingine.

Sasa tuisafirishe pauni 100 kutoka London hadi Shituru. Mchangiaji akiwa mlipakodi wa Uingereza, serikali huongeza asilimia 25, hivyo shirika hupata pauni 125. Baada ya hapo makato huanza. Viwango vifuatavyo ni vya mfano, na msomaji anaweza kuweka vyake. Asilimia 2 kwa huduma ya malipo ya mtandaoni: zinabaki 122.5. Asilimia 20 kwa uendeshaji wa shirika huko Ulaya: 98. Asilimia 5 kwa kutuma na kubadilisha fedha: 93. Asilimia 15 kwa uratibu wa shirika la nchini Kongo: 79. Kwa hiyo pauni 79 zinafika mahali alipo mtoto, na bila ile nyongeza ya kodi zingekuwa 63. Katika mlolongo huu hakuna aliyeiba. Kila mkato una sababu, na asilimia 5 ya kutuma pesa ni nafuu, kwa sababu Benki ya Dunia imekuwa ikipima gharama ya mtu binafsi kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kuwa karibu asilimia 8.

Afrika Mashariki ina mtindo wake, nao unategemea kampuni kuliko marafiki wa mkimbiaji. Nairobi Marathon, iliyoanza 2003 chini ya udhamini wa Standard Chartered, kwa miaka mingi iliunganishwa na matibabu ya macho, yakiwemo ya watoto. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, wakati huo mke wa Rais wa Kenya, alizindua kampeni ya Beyond Zero iliyokuwa na nusu marathoni yake jijini Nairobi, kisha akakimbia London nzima kwa muda wa saa saba hivi. Lengo lilikuwa kliniki tembezi za kina mama na watoto, moja kwa kila kaunti kati ya 47. Nchini Tanzania, benki ya CRDB ilianzisha mbio zake mwaka 2020 kwa ajili ya watoto wanaohitaji upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Benki hiyo ilifungua kampuni tanzu Lubumbashi mwaka 2023, na mwaka uliofuata mbio hizo zikapelekwa huko na Bujumbura. Huo ndio mfano ulio karibu zaidi na Shituru.

Katika mtindo huu mapato yana vyanzo viwili: ada ya kushiriki na pesa za wadhamini. Anayesoma tangazo la jumla iliyopatikana anapaswa kuuliza ni sehemu gani ilitoka katika chanzo kipi. Kampuni ikilipia jukwaa, muziki na mabango, hayo ni matumizi ya kujitangaza ambayo huenda ingeyafanya hata bila watoto. Kampuni ikitoa pesa taslimu kwa hospitali, hizo ni mchango. Vitu hivi viwili vikijumlishwa katika mstari mmoja, hesabu inakosa maana. Kliniki 47 za Beyond Zero zina sifa moja ambayo jumla za pesa hazina: mtu anaweza kwenda katika kaunti yake akaiona kliniki, akauliza kama ina dereva, mafuta na muuguzi. Ununuzi wa gari ni gharama ya mara moja. Mafuta na mishahara hurudi kila mwezi, na mbio hurudi mara moja kwa mwaka.

Tupange basi mbio ndogo Shituru kwenyewe, kwa bajeti ya mfano. Washiriki 300, ada ya faranga 10,000 kila mmoja. Mapato ghafi ni faranga 3,000,000. Kwa kiwango cha mwaka 2024, takriban faranga 2,800 kwa dola, hizo ni dola 1,071. Kila mwandaaji huanza na tisheti. Tukikadiria tisheti moja iliyochapishwa kuwa dola 4, tisheti 300 ni dola 1,200. Mbio zimeshapata hasara ya dola 129 kabla ya maji ya kunywa kununuliwa. Mtoto hajapata kitu, na kila mkimbiaji amerudi nyumbani na nguo mpya.

Tuondoe tisheti na medali. Namba za vitambaa zinazorudishwa na kufuliwa, dola 150. Maji, pakiti tatu kwa kila mtu, dola 90. Mafuta ya gari la wagonjwa na pikipiki mbili, dola 60. Chakula cha wanaojitolea, sahani ya bukari (ugali) na samaki kwa kila mtu, dola 80. Jumla dola 380, na mapato halisi dola 691, sawa na asilimia 64.5 ya kilichokusanywa. Washiriki wakiwa 150 badala ya 300, namba na maji vinapungua nusu, lakini gari la wagonjwa na wanaojitolea wanabaki vilevile. Mapato ghafi yanashuka hadi dola 536, gharama hadi 260, na mapato halisi ni dola 276, asilimia 51.5. Washiriki wamepungua kwa nusu, na pesa ya mtoto imepungua kwa asilimia 60.

Bajeti hiyo inachukulia kwamba barabara ni bure, na hapo ndipo umbali unapoleta gharama. Mkimbiaji wa kawaida huhitaji saa nne hadi sita kumaliza kilomita 42. Barabara kuu inayopita Likasi hubeba malori ya madini na tindikali, na kuifunga kwa saa sita ni gharama ya mtu fulani hata kama haimo kwenye daftari la mwandaaji. Kuiacha wazi, wakimbiaji wakapita pembeni mwa malori, ni hatari isiyopaswa kukubaliwa kwa jina la hisani. Mizunguko ya kilomita 5 ndani ya komuni, jumla kilomita 10, inamalizika kwa saa moja na nusu na inahitaji meza mbili tu za maji. Neno marathoni huvutia wachangiaji wa mbali, lakini kwa mbio za mtaani kila kilomita inayozidi ya kumi inaongeza gharama zaidi kuliko inavyoongeza mapato. Mwandaaji mwenye kuwajali watoto angeanza na kilomita 10.

Na mtoto mwenyewe? Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kuwa watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi migodini kusini mwa Kongo, wengi katika kobalti. Makadirio hayo yana zaidi ya miaka kumi, yanahusu eneo zima na si Likasi peke yake, na yanachanganya anayechimba, anayeosha mawe mtoni na anayeokota katika mabaki ya migodi. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 ilitokana na mahojiano na watoto wa jimbo la zamani la Katanga kuhusu kazi hiyo. Walieleza mizigo ya kilo 20 hadi 40, siku za hadi saa 12, na malipo ya faranga 1,000 hadi 2,000 kwa siku. Mtoto anayesimama ndani ya maji akisugua mawe, kisha akabeba gunia la kilo 30 hadi kwa mnunuzi, hana mizani yake. Uzito na ubora wa mawe husemwa na anayenunua.

Faranga 2,000 za wakati ule, dola ikiwa karibu faranga 925, zilikuwa dola 2.16. Kwa kiwango cha 2024 faranga hizohizo ni senti 71 za dola. Mtoto akifanya kazi siku 24 kwa mwezi kwa kiwango cha juu anapata faranga 48,000, yaani dola 52 za wakati ule. Kwa kiwango cha chini, dola 26. Mwaka wa shule una miezi kumi, kwa hiyo familia inayomtoa mtoto mgodini na kumrudisha darasani inapoteza kati ya dola 259 na 519 kwa mwaka. Elimu ya msingi ya umma ilitangazwa kuwa bure kuanzia Septemba 2019, lakini ada ni sehemu tu ya gharama ya shule. Mapato yanayokosekana nyumbani hayamo katika tangazo lolote la elimu bure, ingawa kwa mama anayetafuta unga wa jioni ndiyo bei halisi ya darasa.

Wastani wa mkimbiaji wa London, dola 2,000 kabla ya makato, unafidia pengo hilo kwa karibu watoto wanne wa kiwango cha juu, au saba hadi wanane wa kiwango cha chini, kwa mwaka mmoja. Mbio zetu za Shituru, dola 691, zinafidia mtoto mmoja na sehemu, au wawili na theluthi mbili. Hesabu hii inachukulia kuwa mtoto hufanya kazi kila siku, na wengi hufanya Jumamosi, Jumapili na baada ya masomo. Inachukulia pia kuwa familia ikifidiwa itamwacha mtoto darasani, jambo ambalo pesa peke yake haiwezi kulihakikisha.

Dola 691 zina kazi nyingine inayopimika kwa urahisi zaidi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hutibiwa kwa lishe ya karanga iliyo tayari kuliwa, pakiti ya gramu 92 yenye kalori 500. Katoni moja ina pakiti 150, na kwa kawaida hutosha kumtibu mtoto mmoja kwa wiki sita hadi nane. Bei ya katoni ni kama dola 50, bila usafiri. Mapato halisi ya Shituru yananunua katoni 13. Watoto kumi na watatu wanaoweza kupona ni jambo kubwa, na yeyote aliyekimbia kwa ajili yao amefanya kazi ya maana. Mbio zenye tisheti zisingenunua katoni hata moja.

Shule ni hesabu ya aina nyingine. Huko Kalebuka, pembezoni mwa Lubumbashi, shirika la Malaika lililoanzishwa na Noëlla Coursaris Musunka mwaka 2007 linaendesha shule ya wasichana iliyofunguliwa 2011, yenye wanafunzi zaidi ya 400 wasiolipa ada. Dola 2,000 za mkimbiaji mmoja zikigawanywa kwa wasichana 400 ni dola 5 kila mmoja. Tunahitaji wakimbiaji 100 wa aina hiyo, kila mwaka, ili kufikia dola 500 kwa msichana. Shirika lililoajiri walimu kwa matarajio ya mbio moja linaweza kuishiwa mishahara mwaka ambao mvua, ugonjwa au uchaguzi umeahirisha mbio hizo.

Tugeuke sasa barabarani. Lori lililobeba tani 30 za shaba, kwa bei ya dola 9,000 kwa tani, bei ambayo wastani wa soko la London ulivuka kidogo mwaka 2024, limebeba dola 270,000. Kanuni ya madini ya Kongo ya 2018 iliweka mrabaha, yaani malipo kwa nchi kwa ajili ya mali iliyotolewa ardhini, kuwa asilimia 3.5 kwa shaba: dola 9,450 kwa lori hilo. Kati ya hizo asilimia 50 huenda serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya eneo ambako madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 15 ya lori moja ni dola 1,417. Hiyo ni mara mbili ya mapato halisi ya mbio zetu zenye washiriki 300.

Kanuni hiyohiyo inamtaka mwenye leseni atenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi. Kwa lori letu ni dola 810, na hizo nazo zinazidi mbio zetu. Ukijumlisha mafungu mawili ni dola 2,227 kwa kila lori. Mwaka 2024 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ambazo zikipakiwa tani 30 kila moja ni malori 100,000. Sehemu kubwa ilitoka Lualaba, na si kila tani hutozwa kwa bei ya soko. Hata ukipunguza makadirio kwa nusu, lori moja bado linalingana na asubuhi nzima ya mbio, pamoja na miezi ya kuziandaa.

Hapa Shituru ina ugumu wake, nao haupaswi kupitwa haraka. Mrabaha hufuata mgodi. Mawe yakichimbwa katika eneo jingine na kuletwa Shituru kusafishwa, fungu la asilimia 15 ni la eneo yalikochimbwa. Komuni inayobaki na moshi, malori na vumbi la usafishaji inaweza kuwa haina haki ya fungu hilo kwa tani hizo. Halafu pesa kuingia katika akaunti ya komuni au sekta si sawa na pesa kufika darasani au kwenye zahanati. Mlolongo wa makato tuliouona kutoka London upo huku pia, ila si rahisi kwa mlipakodi kuusoma. Kwa hilo mbio za hisani zina faida ya kweli: mkimbiaji anajulikana, mpokeaji anajulikana, na hesabu inaweza kubandikwa ukutani wiki hiyohiyo.

Geita, Tanzania, inaonyesha mambo haya mawili, hisani na ushuru wa mgodi, yakiwa sehemu moja. Tangu 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita na Tume ya Kudhibiti Ukimwi wamekuwa wakiandaa safari ya kupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI, na kituo cha watoto yatima cha Moyo wa Huruma mjini Geita ni miongoni mwa walionufaika na mgodi huo. Ni hisani inayofanana sana na mbio. Lakini kwa miaka mingi, chini ya mikataba ya zamani, ushuru wa mgodi kwa halmashauri ulikuwa na ukomo wa dola 200,000 kwa mwaka. Baadaye ukahamia kwenye kiwango cha sheria, asilimia 0.3 ya mauzo. Mwaka 2018 mgodi ulizalisha takriban wakia 564,000. Kwa bei ya wastani ya dola 1,270 ni mauzo ya dola milioni 716, na asilimia 0.3 yake ni dola milioni 2.1. Ni zaidi ya mara kumi ya ukomo wa zamani. Ili mbio za Shituru zizalishe tofauti hiyo ya dola milioni 1.9, zingepaswa kufanyika karibu mara 2,800.

Imebaki thamani ya fedha yenyewe. Katika robo ya mwisho ya 2025 faranga iliimarika sana dhidi ya dola. Tukichukua 2,300 kwa dola kama mfano, dola 2,000 za mkimbiaji wa mbali, zilizokuwa faranga 5,600,000, zinakuwa 4,600,000, pungufu kwa asilimia 18, huku bei za sokoni Likasi zikiwa hazilazimiki kushuka kwa kasi hiyo. Zile faranga 3,000,000 za ada ya mtaani zinapanda kutoka dola 1,071 hadi 1,304, na katoni za lishe, ambazo huuzwa kwa dola, zinaongezeka. Kwa hiyo anayekusanya kwa faranga akanunua lishe, na anayekusanya kwa pauni au dola akaifidia familia kwa faranga, wana hatari zinazokwenda pande tofauti. Shirika lenye michango ya aina zote mbili linaweza kununua katoni kwa dola zilizoingia na kulipa familia kwa faranga za ada, bila kupita kwa mbadilisha fedha hata mara moja. Kwa michango ya dola 2,000, kama kubadilisha kungekatwa asilimia 5, kuepuka mkato huo ni dola 100: katoni mbili zaidi.